Je, Wajua? Sindano ya Kiume Inayozima Mbegu

Pita Mbagala, Tandika au Manzese: hukosi kibao cha dawa ya nguvu za kiume kilichopigiliwa kwenye nguzo ya umeme. Sindano ya testosteroni ni habari nyingine. Homoni hii ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Aina moja huchanganywa na mafuta ya ufuta (ndiyo, ufuta kama ule wa Lindi na Mtwara) na kudungwa kwenye msuli wa tako kila baada ya wiki 2 hadi 4, ili iingie kwenye damu polepole.

Sasa shangaa: sindano hii hupunguza mbegu, hata kuzimaliza. Ubongo ukikuta homoni imejaa, huacha kuziagiza korodani zifanye kazi. Shirika la Afya Duniani liliijaribu kama uzazi wa mpango wa wanaume, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Anayetafuta mtoto amweleze daktari kabla ya kudungwa.

Upungufu wa testosteroni, ambao sindano hii hutibu, hauthibitishwi kwa uchovu tu. Hupimwa damu ya asubuhi, siku 2 tofauti. Muuza vumbi la Kongo, ile dawa ya mitaani ya nguvu za kiume, hana kipimo hicho.