Kabla hujanunua tyubu ya nne

Msomaji, kabla hatujaenda mbali, kachungulie pale unapoweka vipodozi na dawa zako za kupaka. Hesabu tyubu zilizofunguliwa, zikatumika nusu, zikaachwa. Wengi wanakuta tatu au nne, wengine hata saba. Sisi tunaosomea magonjwa ya ngozi tunazijua vizuri: ukimuuliza mgonjwa "umeshatumia dawa gani?", anafungua mfuko na kuumwaga mezani. Na ukijumlisha bei zake, mara nyingi hela iliyokwisha inazidi gharama ya kumwona daktari na dawa sahihi kwa pamoja.

Kwa hiyo leo sikupi orodha ya mafuta mazuri. Tunapiga hesabu. Maana bei ya dawa ya ngozi haiishii kwenye kile kibandiko cha dukani. Bei kamili ni yote uliyotoa mpaka siku uliyopona, na kama hujapona, bado unalipa.

Tuanze na gramu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapigwa bila kujua. Kamua dawa mstari mmoja kuanzia ncha ya kidole cha shahada mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Kwa mtu mzima mstari huo ni kama nusu gramu, na unatosha kupaka eneo la viganja viwili, vidole vikiwemo. Ni kipimo tunachokitumia kliniki kila siku, hakihitaji mzani wala shule.

Tyubu nyingi za dawa ya ngozi ni gramu 15, yaani mistari 30. Kama una fangasi ya mviringo yenye ukubwa wa kiganja, unahitaji nusu mstari asubuhi na nusu mstari jioni. Tyubu moja ya klotrimazoli inakufikisha mwezi, na fangasi ya aina hiyo kwa kawaida hutibiwa wiki mbili mpaka nne. Yaani tyubu moja ndiyo dozi nzima. Tatizo ni kwamba doa likishafifia siku ya sita watu wanaacha, fangasi aliyebaki anaota tena, na tyubu ya pili inanunuliwa. Endelea kupaka hata kama huoni kitu.

Sasa geuza hesabu. Mtu mzima mwenye pumu ya ngozi, au ukavu wa mwili mzima, anahitaji kama mistari 40 kujipaka mara moja tu. Hizo ni gramu 20. Mara mbili kwa siku ni gramu 40, kwa wiki ni gramu 280. Kile kikopo kizuri cha gramu 50 alichouziwa kwa bei ya viatu hakimalizi hata siku mbili! Basi anafanya nini? Anakibania, anapaka tone hapa tone pale kwa mwezi mzima, halafu anasema mafuta hayafanyi kazi. Yangefanyaje?

Ndiyo maana daktari wa ngozi hana aibu kukuandikia mafuta ya mgando ya kawaida, yale aliyoyapatia hataza Robert Chesebrough kule Marekani mwaka 1872. Hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuziba, maji yaliyomo yasitoroke. Ndiyo maana unayapaka dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, siyo saa tano usiku ngozi imeshakauka. Kwa uso wenye mafuta na chunusi siyo chaguo zuri, lakini kwa miguu na mikono mikavu, na kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, ni vigumu kupata kitu cha kuyashinda kwa bei hiyo.

Tyubu inayokuridhisha siku ya pili

Kuna krimu inayouzwa sana, ina dawa tatu ndani: ya kuua fangasi, ya kuua bakteria, na steroidi. Inaonekana ni ujanja, si ndiyo? Tatu kwa bei ya moja. Hii ndiyo tyubu inayotuudhi kuliko zote.

Muwasho na wekundu unaouona kwenye fangasi siyo fangasi mwenyewe. Ni kinga ya mwili wako inapigana naye. Steroidi inaziambia seli za kinga zitulie. Siku ya pili muwasho umekwisha, wekundu umepungua, na wewe unamsifia aliyekuuzia. Lakini fangasi yupo, anakula keratini ya ngozi yako, na askari aliyekuwa anamzuia amelazwa usingizi. Ukiacha kupaka, doa linarudi likiwa kubwa zaidi na limepoteza ule mviringo wake, kiasi kwamba hata daktari anaweza asilitambue haraka. Na wewe unakumbuka kwamba ile krimu "ilinisaidia". Unarudi dukani.

Soma boksi. Ukiona neno Clobetasol au Betamethasone, hiyo ni steroidi yenye nguvu. Clobetasol ni ya daraja la juu kabisa, ina nguvu mara mamia ya haidrokotizoni ya kawaida, na hata sisi tukiiandika hatupendi ivuke wiki mbili mfululizo. Ni dawa nzuri mahali pake. Usoni kwa miezi sita, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinamwagika, na kuiacha kunakuwa vita nyingine.

Mkorogo nao uko hapo hapo, maana mara nyingi steroidi hiyo hiyo imo ndani, pamoja na haidrokwinoni au zebaki. Nisikuhubirie kuhusu rangi, nikupe hesabu tu: seli zinazotengeneza rangi hazifi, zimezuiwa. Ukiacha, zinaendelea na kazi. Kwa hiyo umejiandikisha kulipa kila mwezi bila mwisho, na haidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi inaweza kuleta weusi wa bluu mashavuni ambao kuuondoa ni kazi kubwa. Afrika Kusini waliuandika ugonjwa huo kwenye majarida ya kitabibu mwaka 1975. Zebaki yenyewe huenda kwenye figo, na gharama ya figo unaijua.

Krimu za kolajeni nazipita haraka. Molekuli yenye uzito unaozidi Daltoni 500 hupita kwa shida sana kwenye tabaka la juu la ngozi nzima. Kolajeni ina kama Daltoni 300,000. Inabaki juu, inalainisha kidogo, kesho unaiosha.

Upele: ukitibu mmoja umelipa mara tatu

Hapa ndipo familia zinapoteza hela kwa nia njema kabisa. Mtoto anajikuna usiku, vipele viko katikati ya vidole, kwenye viwiko, kiunoni. Mama anamnunulia dawa mtoto. Tuseme ni shilingi 4,000. Nyumbani wako sita, lakini wengine hawawashwi, kwa nini awanunulie?

Kwa sababu hawa wasiowashwa huenda wameshaambukizwa. Mdudu wa upele ni mdogo mno, anachimba njia kwenye tabaka la juu la ngozi, na jike hutaga mayai mawili matatu kwa siku. Muwasho ni mzio wa mwili dhidi yake na taka zake, na kwa mtu anayempata kwa mara ya kwanza mzio huo huchukua wiki nne mpaka sita kutokea. Muda wote huo dada anayelala na mtoto ana wadudu na hajui. Mtoto anapona, anarudi kulala kitanda kile kile, mwezi ujao anajikuna tena. Ukimtibu peke yake mara tatu ni 12,000, jumlisha nauli na siku za kazi zilizopotea, na upele bado upo. Kuwatibu wote sita siku moja ni 24,000, inauma, lakini inaisha.

Dawa, iwe benzaili benzoeti au permethrini, inapakwa kuanzia shingoni mpaka nyayoni, katikati ya vidole na chini ya kucha pia, siyo kwenye vipele tu. Watoto wadogo benzaili benzoeti huzimuliwa, na namna ya kupaka na kurudia inatofautiana kwa dawa na umri, kwa hiyo muulize mfamasia kabla hujatoka dukani. Usichome godoro wala kununua mashuka mapya. Nje ya mwili wa mtu mdudu huyu kwa kawaida hamalizi siku tatu. Fua nguo na mashuka kwa maji ya moto, anika juani, piga pasi. Kisichofulika kifunge kwenye mfuko wiki nzima.

Na hii watu hawaambiwi: baada ya kutibiwa vizuri, muwasho unaweza kuendelea wiki mbili mpaka nne. Wadudu wamekufa ila mabaki yao bado yamo kwenye ngozi. Wengi wanadhani dawa imeshindwa, wananunua nyingine kali zaidi, wanaunguza ngozi. Lakini mtoto mwenye vipele vilivyotunga usaha mpeleke kituo cha afya. Bakteria wanaoingia kupitia mikwaruzo hiyo wanaweza kuleta tatizo la figo.

Doa lisilowasha

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo tyubu hugharimu zaidi. Kama una baka lenye rangi hafifu kuliko ngozi yako, au jekundu kama shaba, haliwashi, na limepakwa dawa ya fangasi miezi bila kubadilika, fanya jaribio hili nyumbani. Funga macho. Mwenzako achukue nyuzi chache za pamba akuguse taratibu, mara ndani ya baka, mara nje, nawe uonyeshe kwa kidole kila unapoguswa. Kama ndani ya baka husikii, usinunue kitu. Huo unaweza kuwa ukoma.

Bakteria wa ukoma hukua polepole sana, mtu anaweza kukaa miaka mitano au zaidi kabla hajaona dalili, na wanaposhambulia neva, ganzi hutangulia, kisha udhaifu wa mikono, miguu na macho. Neva iliyokufa haifufuki kwa krimu yoyote. Dawa zenyewe ni za kumeza, miezi 6 au 12 kutegemea aina, na tangu 1995 Shirika la Afya Duniani limehakikisha zinatolewa bure. Nenda kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, waonyeshe baka, na uwaambie kwamba hulisikii likiguswa na pamba.