Askari Msibani: Jamaa Ndio Wenye Maiti

Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Lakini mwili wa askari mmoja unaporudishwa kwao, hapana harusi wala gwaride. Hiyo ni amana inayorejeshwa mikononi mwa wenyewe.

Katika chuo cha makadeti tulifundishwa heshima za kijeshi kwa marehemu: kubeba jeneza, kukunja bendera, kuelekeza midomo ya bunduki chini na kupiga saluti ya mwisho. Hatukufundishwa jinsi ya kuingia katika boma la wafiwa. Somo hilo tulilipata Omugo, kaskazini ya mji wa Arua, katika nchi ya Terego iliyofanywa wilaya mwaka 2020.

Tulikuwa tukimpeleka mwenzetu nyumbani. Tulifika alasiri, nasi tulitaka kurudi Arua kabla ya usiku, kwa hiyo tukaharakisha mambo. Wazee wakatueleza kwa upole kwamba wajomba wa marehemu hawajafika. Tulidhani ni habari ya kungojea wageni tu, kumbe sivyo. Kwa Walugbara mtu ni wa ukoo wa baba yake, lakini upande wa mama nao una haki juu yake. Kumzika bila wao ni kuwaachia walio hai ugomvi. Tukazima magari, tukaketi.

Kisha mama yake akaomba jeneza lifunguliwe. Tulisita, kwa maana jeneza lilikwisha kupigiliwa misumari. Lakini daktari alikuwa amethibitisha kwamba marehemu hakufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, basi tukang'oa misumari. Wanaume wa ukoo wakamwosha, wakamvika nguo walizozichagua wenyewe, wakamlaza nyumbani mwa mama yake. Wanawake wakakesha naye. Wajomba waliwasili usiku, na asubuhi kaburi likachimbwa uani, karibu na la babu yake. Hapo ndipo walipotukaribisha tutoe heshima zetu.

Watu wa huku wanajua thamani ya kaburi la nyumbani. Kuanzia mwaka 1979 wengi walikimbilia Sudan na Zaire, na waliofia huko walizikwa ugenini. Tangu mwaka 2017 Omugo nayo imewapokea wakimbizi wa Sudan Kusini, ambao leo huwazika wapenzi wao mbali na maboma yao.

Ndugu askari na polisi, tuyashike haya. Kwanza, mkuu wa msafara aende kwa mzee wa ukoo na mwenyekiti wa kijiji kabla ya kuteremsha mwili, aulize utaratibu wao. Akiwa marehemu ni Mwislamu, wenyewe wataosha, watakafini, watamswalia na kuzika upesi. Tusiwacheleweshe kwa sababu ya hotuba. Pili, joto haliwangoji wanaochelewa: pasipo barafu, mwili uwekwe kivulini penye hewa, na mazishi yasikawie. Tatu, kaburi liwe mbali na kisima. Nne, tupeleke chakula na kuni, tusiende kuwalisha wafiwa gharama ya matumbo yetu. Tano, tumsaidie mjane kuandikisha kifo na kupata hati, kwani bila karatasi hiyo atahangaika sana katika kudai haki za mumewe.

Lipo sharti moja lisilo na mjadala. Katika mlipuko wa Ebola wa Gulu, mwaka 2000, kuhudhuria mazishi ya waliokufa kwa ugonjwa huo kulikuwa mojawapo ya njia kubwa za maambukizo, maana maiti huendelea kuambukiza. Ugonjwa huo ulirudi Uganda mwaka 2022 na tena mwaka 2025. Panapokuwa na shaka, mtu asioshe wala kugusa. Waitwe waganga wa serikali. Hata hapo jamaa wasisukumwe kando: wao wachague mahali pa kaburi, waombe dua, wasimame kwa mbali wakiona kila kinachotendeka. Vilevile polisi wanapozuia maiti kwa uchunguzi, wawaeleze wafiwa sababu yake na siku ya kuwarudishia.

Mama yule hakutuuliza habari za bendera. Aliuliza kama mwanawe aliteseka, na nani alikuwa naye. Kila askari anayesindikiza maiti aende akiwa na jibu la kweli kwa maswali hayo mawili.