Kipira kisichoonekana bwaloni

Nje, Same haimnyimi mpiga picha mwanga. Mji umekaa kwenye tambarare kavu chini ya Milima ya Upare, na jua la saa sita humsimamisha mchezaji wa netiboli hewani hata kwa kamera ya bei ya chini. Ingia kwenye bwalo la shule, vijana wanapojifua kwa mpira wa meza, uone kamera ileile inavyotoa ukungu mtupu.

Kipira chenyewe kina kipenyo cha milimita 40. Tuseme kimepigwa kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Shata ikifunguka kwa 1/60 ya sekunde, kipira kinakuwa kimesafiri sentimita 33, na pichani utapata mstari mweupe. Kwa 1/500 kinasogea sentimita 4 tu, upana wake mwenyewe.

Tatizo ni kwamba 1/500 ina njaa ya mwanga. Lenzi inayokuja na kamera, ukivuta karibu, hufungua tundu hadi f/5.6 basi. Utapandisha ISO hadi 6400 na picha itajaa chenga. Mimi chenga sizichukii. Karatasi ya gazeti huzimeza, ukungu haumezeki. Mwenye akiba asikimbilie kamera mpya. Atafute lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8: huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, na bei yake ni ya chini kuliko lenzi nyingi.

Taa nazo zina kisirani. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za mirija hufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, shata ya kasi inaona: picha moja angavu, inayofuata imefubaa. Piga mfululizo, kisha uchague. Huko juu milimani, kijijini Chome, mawingu ya kilele cha Shengena yakishuka, hata dirisha halisaidii. Omba mechi ichezwe kukiwa kweupe, usimame umelipa dirisha mgongo.

Dawa isiyo na gharama ni kuujua mchezo. Kanuni humtaka anayeanzisha aurushe mpira juu angalau sentimita 16, nao ukifika kileleni hutulia kidogo kabla ya kushuka. Hapo 1/125 inatosha. Lenga fokasi mapema usawa wa mkono wake, maana kamera ndogo huchelewa kuitafuta. Flashi iache mfukoni: inampofusha anayepokea, na mwalimu wa michezo atakutoa nje kabla seti ya kwanza haijaisha.