Mtoto anaharisha, mbona daktari hajaandika antibayotiki?

Swali hili naulizwa karibu kila siku na wazazi wanaoleta watoto wanaoharisha na kutapika. Wengi huondoka hawajaridhika, hivyo leo nalijibu kwa kirefu kidogo.

Chanzo kikubwa cha kuharisha sana kwa watoto wadogo ni kirusi cha rota, kilichogunduliwa Melbourne, Australia, mwaka 1973. Antibayotiki hazikiui, kwa kuwa dawa hizo ni za bakteria. Kirusi hiki huingia kwa mdomo, kikajificha ndani ya seli za utumbo mwembamba zinazofyonza maji na chakula. Humo huzaliana, seli zikaharibika, na maji yakapita moja kwa moja.

Kikishajificha, nani atakiona? Hiyo ndiyo kazi ya seli T, aina ya chembe nyeupe za damu zinazokomaa katika tezi ya thaimasi iliyo kifuani. Seli za mwili huanika nje vipande vya protini zinazotengenezwa ndani yake, kama mwenye duka anavyopanga bidhaa barazani. Seli T hupita zikikagua, kila moja ikitambua kipande cha aina yake. Ikikuta kipande cha rota, huiua seli ile nzima kabla virusi havijazidi kuenea. Ziko pia seli T saidizi. Hizi huchochea utengenezaji wa kingamwili, ambazo humwagwa ndani ya utumbo na kunasa virusi vilivyo nje ya seli.

Tatizo ni muda. Kwa mtoto ambaye hajawahi kuupata ugonjwa huu, seli T zinazokitambua kirusi ni chache mno. Lazima zijigawe kwanza ziwe nyingi, na hilo huchukua siku kadhaa. Maji ya mwili hayasubiri. Mtoto mchanga anaweza kuishiwa maji ndani ya siku moja, na kinachoua ni hicho.

Kwa hiyo mpe ORS kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea. Usiache kunyonyesha. Vidonge vya zinki alivyoandikiwa avimalize hata kama kuharisha kumekoma. (Na tafadhali, tusiyasingizie meno.)

Chanjo ya matone, inayotolewa nchini tangu 2013 mtoto akiwa na wiki 6 na wiki 10, ina kirusi cha rota kilichodhoofishwa. Mwili hujifunza mapema na kubaki na seli zenye kumbukumbu. Mama mmoja alinilalamikia kwamba mwanawe alichanjwa na bado akaharisha. Ni kweli hutokea, lakini mara nyingi aliyechanjwa haharishi kwa kiasi cha kulazwa.

Ukiona macho yameingia ndani, utosi umebonyea, analia bila machozi, hakojoi au amelegea, usisubiri asubuhi. Mpeleke hospitali, ukiendelea kumpa ORS njiani kama anaweza kunywa.