Je, maji ya mvua ni salama kwa kunywa?

Ndugu msomaji, masika yanapoanza, kila nyumba hutoa ndoo, madumu na mapipa kukinga maji. Ni neema kubwa ya Allah (S.W), hasa kwa wanaonunua maji kwa dumu au wenye visima vya maji ya chumvi. Lakini wapo wazazi ambao humpa mtoto kikombe cha maji hayo papo hapo, kwa hoja kwamba maji ya mvua ni twahara. Je, hoja hiyo inatosha?

Ni kweli kwamba Qur'ani, katika Suratul Furqaan aya ya 48, imeyataja maji yanayoteremka kutoka juu kuwa ni twahara. Hata hivyo, kufaa kwa udhu ni jambo moja na usalama wa kunywa ni jambo jingine. Maji ya bahari nayo yanafaa kwa udhu, lakini hakuna anayeyanywa.

Maji ya mvua yana sifa zake. Hayana chumvi, wala ile floraidi nyingi inayotia meno madoa kama ilivyo kwa baadhi ya visima vya Arusha na Kilimanjaro. Tatizo kubwa huanza yanapogusa paa. Juu ya bati kuna vumbi, majani makavu na vinyesi vya kunguru, popo na mijusi. Vinyesi hivyo huweza kuwa na vijidudu, kama vile Salmonella, vinavyoleta homa na kuharisha. Mtoto mdogo anayeharisha huishiwa maji mwilini haraka na anaweza kufariki. Usidanganyike na weupe wa maji, kwani vijidudu havionekani kwa macho.

Zingatia mambo haya:

1. Safisha paa na mifereji yake kabla ya msimu wa mvua. Usikinge maji ya kunywa kwenye paa la makuti, wala lenye rangi ya zamani yenye madini ya risasi. Risasi haiondoki kwa kuchemsha.

2. Acha mvua ya kwanza ioshe paa. Milimita 1 ya mvua kwenye paa la mita za mraba 40 hutoa takriban lita 40. Maji hayo ya mwanzo yatumie kwa bustani au kudekia.

3. Funika tangi na uweke wavu penye matundu. Mbu waenezao dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huzaliana kwenye maji yaliyohifadhiwa. Chota kwa bomba, usitumbukize kikombe.

4. Chemsha maji ya kunywa. Yakishatokota sawasawa, yaache dakika 1, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Ukitumia dawa ya klorini, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mkaa ukiwa ghali, jaza maji yasiyo na tope kwenye chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita 2, uzilaze juani kwa saa 6. Kukiwa na mawingu, ziache siku 2 mfululizo. Siku ya mvua ya kutwa njia hii haifai.

Ndugu msomaji, kuitunza neema ni sehemu ya kuishukuru. Maji yameshuka yakiwa masafi. Tusiyaharibu kwa uchafu wa paa na ndoo zetu.