Nyanya Zinyaukapo: Tafuta Sababu Kwanza

Mnyanya ukinyauka, wengi hukimbilia ndoo ya maji. Kama mche una kiu, ni vyema. Bali kama ni mgonjwa, maji yapitayo shinani mwake huweza kuuchukua ugonjwa mpaka bustani ya jirani. Kwa hiyo twawaeleza wasomaji wetu wa Musoma, Bunda na Butiama namna ya kutambua sababu.

Kwanza, utazame mche asubuhi na jioni. Ukilegea adhuhuri na kusimama tena jua likishuka, yamkini ni kiu tu. Kisha shika udongo. Udongo mweusi wa mbuga hutuamisha maji, mizizi ikakosa hewa ikaoza. Hapo kuongeza maji ni kuuua mche; dawa yake ni matuta na mifereji.

Pili, ng'oa mche mmoja. Mizizi ikiwa na vinundu vingi, imeingiwa na minyoo midogo isiyoonekana kwa macho. Majani ya chini yakigeuka manjano, pengine upande mmoja tu, na shina likipasuliwa likaonekana la kahawia ndani, huo ni mnyauko fuzari, uletwao na ukungu wa udongoni.

Ulio mbaya zaidi ni mnyauko wa bakteria. Mche huanguka ghafula ungali mbichi. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukitumbukize ncha yake katika bilauri ya maji safi, nawe ungoje dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka majini, ndio huo.

Mche uliokwisha kupatwa na mnyauko huu wa bakteria hauponi kwa dawa yoyote. Ung'oe pamoja na mizizi, uuchome moto, wala usiutie katika samadi. Osha jembe lako kabla ya kuingia tuta jingine. Mahali hapo panda mahindi au mtama kwa misimu kadhaa. Usipande viazi mviringo, bilinganya wala pilipili, maana hizo ni jamaa za nyanya, na ugonjwa hukaa udongoni miaka mingi. Wala usigawe miche itokayo bustani hiyo, hata kwa ndugu.

Walimu wenye bustani za shule wawaonyeshe watoto jaribio la bilauri, na viongozi wa vijiji wawahimize watu wauchome mche mgonjwa mapema. Kupoteza mche mmoja leo ni afadhali kuliko kupoteza shamba zima kesho.