Je, Wajua? Wanafunzi wa Shule za Vijijini Walioishangaza Dunia

Je, wajua kwamba kuna jambo la fizikia linalojulikana dunia nzima kwa jina la mwanafunzi wa Kitanzania? Jina lenyewe ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, na kilichompa umaarufu huo ni aiskrimu!

Sikia ilivyokuwa. Wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe ndipo wayaingize kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa ya kugombania, Mpemba akaona akichelewa ataikosa, akayaingiza yake yangali moto. Saa moja na nusu baadaye yake yalikuwa yameshaganda. Ya mwenzake, yaliyoingia yakiwa baridi, bado uji mzito!

Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Lakini unajua ni akina nani waliokuwa wakiifahamu siri hiyo bila hata kitabu? Wauza aiskrimu wa mjini Tanga! Walikuwa wakiyaingiza maziwa yakiwa moto ili yagande upesi, wakawahi wateja.

Subiri, haijaisha. Mpemba alipokuwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne. Kijana akasimama mbele ya wote akauliza: maji ya nyuzi 100 na maji ya nyuzi 35 yakiingia friza pamoja, kwa nini yale ya moto yanatangulia kuganda? Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo hilo lipimwe maabara, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala yao pamoja. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ikatangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri zaidi kwa nini hutokea hivyo. Majibu zaidi ya 22,000 yakamiminika! Na mpaka leo wanasayansi hawajaacha kubishana.

Turudi nyumbani, mkoani Mara. Je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere alianza darasa la kwanza akiwa na miaka 12? Ilikuwa mwaka 1934, shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma, kilomita zipatazo 40 kutoka kwao Butiama. Masomo ya miaka 4 akayamaliza kwa miaka 3, safari ikamfikisha Tabora na baadaye Makerere. Na sasa kaa vizuri: mwaka 1944, akiwa bado mwanafunzi, alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki kwa insha iliyohusu nini, unadhani? Kuonewa kwa wanawake! Kijana wa Kizanaki, miaka 22, zama zile!

Na je, wewe wa Kenyamonta, wajua kwamba vijiji vya wilaya yako ya Serengeti vimechorwa kwenye ramani na watu ambao wengi wao hawajawahi hata kukanyaga Mugumu? Mradi unaitwa Crowd2Map, ulianza mwaka 2015. Maelfu ya watu wa kujitolea hukaa kwenye kompyuta zao, kila mmoja nchini kwake, wakitazama picha za setilaiti na kuchora barabara moja moja, nyumba moja moja. Kisha watu wa huku, simu mkononi, wanajaza majina ya vijiji, shule na zahanati.

Sababu ya kazi yote hiyo ni wasichana wa umri wa shule. Nyumba salama ya Mugumu, inayoongozwa na Rhobi Samwelly, huwapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji, na msimu wa hatari ni Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Simu ikilia usiku kwamba msichana yuko hatarini kwenye kitongoji fulani, polisi na waokoaji wanakipataje kama hakipo kwenye ramani yoyote? Sasa kipo! Wengi wa wasichana hao huendelea na masomo wakiwa hapo hapo kwenye nyumba salama. Msichana anayeondoka kwao usiku wa giza ili abaki mzima na abaki shuleni, mimi namhesabu mbele ya washindi wote wa medali nitakaowataja hapa.

Mnaofuga karibu na hifadhi, hii ni yenu. Richard Turere, kijana wa Kimaasai anayetoka kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alikuwa na miaka 11 alipochoka kuona simba wakila ng'ombe wa baba yake. Aligundua kwamba simba wanaogopa mwanga unaotembea, akaunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu. Taa zikawa zinamweka kuzunguka zizi lote kama mtu anayetembea usiku kucha, na simba hawakurudi! Mwaka 2013, akiwa na miaka 13, alipanda jukwaani Marekani akaieleza dunia alivyofanya.

Jirani zetu wa Malawi nao wamo. Wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002, William Kamkwamba, miaka 14, aliacha sekondari kwa kukosa ada. Akawa anashinda kwenye maktaba ya kijijini, akakuta kitabu chenye picha za mitambo ya upepo, akaujenga wa kwake kwa baiskeli, feni ya trekta na nguzo za mkaratusi. Taa zikawaka nyumbani kwao! Majirani wakaanza kuja kuchaji simu.

Umewahi kusikia Keriko? Ni sekondari ya kutwa katika kijiji kinachoitwa Pwani, Nakuru, Kenya, mbali kabisa na bahari. Ilikuwa na kompyuta 1, mwalimu 1 kwa wanafunzi 58, na karibu theluthi ya wanafunzi walikuwa yatima au wanaolelewa na mzazi mmoja. Wanafunzi hao hao wakabuni kifaa cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu. Wengine wakazalisha umeme kwa mimea ya pale pale kijijini, wakapata tuzo ya ile ile Jumuiya ya Kemia iliyohangaika na swali la Mpemba! Mwaka 2019 timu yao ikafuzu kwenda maonesho ya sayansi ya kimataifa Arizona, na mwaka huo huo mwalimu wao, Peter Tabichi, akatangazwa mwalimu bora wa dunia. Zawadi: dola milioni 1.

Sasa vua viatu, tunakimbia. Mwaka 1976 Brother Colm O'Connell alitoka Ireland kuja kufundisha jiografia Shule ya St Patrick's, Iten, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi. Ukocha wa riadha hakuwahi kuusomea hata siku moja! Kutoka katika shule hiyo moja akatoka Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 Seoul mwaka 1988 akiwa na miaka 21. Akatoka Matthew Birir, bingwa wa kuruka viunzi na maji mwaka 1992. Akatoka Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, mwaka 1987. Wakishinda, shuleni unapandwa mti kwa jina la bingwa.

Faith Kipyegon je? Mwaka 2011, bado msichana wa shule, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa vijana huko Hispania. Peku! Leo ana dhahabu 3 za Olimpiki za mita 1,500.

Na hiyo mita 1,500, wewe Mtanzania, usisahau ilikuwa ya nani. Tarehe 2 Februari 1974, Filbert Bayi wa Karatu aliongoza kuanzia mwanzo mpaka mwisho kule Christchurch, New Zealand, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Aliyefika wa pili naye alikuwa ameipita rekodi ya zamani!

Je, wajua kwamba vilabu vya wanyamapori vya Kenya vilianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wenyewe, vikawa vya kwanza vya aina yake Afrika? Tanzania ikafuata mwaka 1980 na vilabu vya Malihai. Na kwa wapenda maigizo: mwaka 2013 mchezo wa wasichana wa Butere, magharibi ya Kenya, ulipigwa marufuku, wakapanda jukwaani kwa amri ya Mahakama Kuu!

Na shule zenyewe je? Mwaka 2004 Tanzania ilikuwa na sekondari zisizofika 1,500. Miaka 5 baadaye, shule za kata zikiwa zimeota kila upande, zilipita 4,000. Tangu Januari 2016 kidato cha kwanza mpaka cha nne hakina ada katika shule za serikali.

Nimekuwekea ya mwisho yenye jina lako, mtu wa Serengeti. Ni timu gani ya Tanzania iliyokuwa ya kwanza kucheza Kombe la Dunia la soka la FIFA? Serengeti Girls, mabinti wa chini ya miaka 17, umri wa kukaa dawati la sekondari, India mwaka 2022! Mechi ya kwanza Japan iliwafunga 4-0, na wengi wakadhani yameisha. Mechi ya pili wakakutana na Ufaransa. Ufaransa 1, Tanzania 2! Wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali.